Kambale Anasubiri Nini? Amri ya Homoni Hutoka Kichwani

Je, umewahi kumwona kambale jike kwenye bwawa la kufugia, tumbo limejaa mayai, lakini hatagi? Mfugaji anamlisha, anasubiri, wapi! Kumbe samaki huyu si mgonjwa. Anasubiri amri, na amri hiyo haitoki tumboni. Inatoka kwenye ubongo.

Mambo huenda hivi. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya kuiamsha pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake. Pituitari nayo humwaga homoni zake kwenye damu, zikafika kwenye ovari za jike au korodani za dume. Hapo ndipo estrojeni na testosteroni hutengenezwa. Kwa jike, estrojeni huliamuru ini litengeneze chakula cha kuweka ndani ya yai.

Lakini kuna breki. Ubongo wa kambale hutoa pia dopamini, ambayo huizuia pituitari isimwage homoni ya kukamilisha mayai. Mvua zikinyesha na mito ikafurika, breki hulegea, naye hutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Bwawani hakuna mafuriko. Ndiyo maana wafugaji humchoma jike sindano yenye homoni za pituitari ya kambale mwingine aliyekomaa. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25, mayai huwa tayari baada ya masaa 11 hivi.

Na wewe je? Mwili wako una mpangilio huohuo: ubongo, pituitari, kisha ovari au korodani. Tena taarifa hurudi juu. Homoni zikizidi kwenye damu, ubongo hupunguza amri. Kwa hiyo, kijana, washikaji wakikushawishi utumie testosteroni ili uote ndevu au misuli chapuchapu, jihadhari. Ubongo utadhani kazi imekwisha. Korodani zinaweza kusinyaa na kupunguza kutengeneza mbegu. Si mchezo!

Usijilinganishe na mwenzako wa darasani. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Umepita umri huo na huoni dalili yoyote? Usione aibu, wala usikimbilie dukani. Mwone daktari akupime, ajue amri imekwama wapi.