Misaada ya Lugha katika Mitihani ya Kuingia Vyuo Vikuu vya Marekani: Mambo ya Kujua kwa Mwalimu wa Kiswahili

Miongoni mwa wahitimu wa idara yetu wamo walimu wanaofundisha wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, wale wa Nakivale na Kyangwali hapa Uganda, na wengine nje ya nchi. Tangu miaka ya 2010, maelfu ya Wakongomani wasemao Kiswahili wamehamishiwa Marekani, katika majimbo kama Kentucky na Texas. Vijana wao huingia shule za sekondari huko, na baada ya miaka michache tu hukabiliwa na mtihani wa SAT au ACT, ambao huweza kuamua nafasi ya chuo au fedha za masomo. Katika makala hii tunapenda kueleza misaada ya lugha inayotolewa katika mitihani hiyo, mipaka yake, na mahali Kiswahili kinapoingia.

Tatizo lenyewe

Mtihani wa hisabati unakusudiwa kupima hisabati. Hata hivyo, swali likiandikwa kwa maneno mengi ya Kiingereza, mtahiniwa anapimwa mambo mawili kwa pamoja: hesabu na lugha. Akikosa, hatujui ni lipi lililomshinda. Mwaka 2001, watafiti Jamal Abedi na Carol Lord walichapisha utafiti kuhusu suala hili. Walionyesha kwamba maswali ya hisabati yakiandikwa kwa Kiingereza chepesi, bila kubadilisha hesabu yenyewe, wanafunzi wanaojifunza Kiingereza hufanya vizuri zaidi.

Kisheria, suala hili lina mizizi ya zamani. Mwaka 1974, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Lau na Nichols, iliyohusu watoto wa asili ya Kichina mjini San Francisco. Mahakama ilisema kwamba kumpa mtoto vitabu na mwalimu sawa na wenzake si usawa ikiwa haelewi lugha ya kufundishia.

Aina mbili za nafuu

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili. Kwanza, yapo marekebisho ya mtihani kwa wenye ulemavu, kama vile maandishi ya nukta nundu, maandishi makubwa au muda wa ziada. Haya yanafanana na yale ambayo Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Pili, ipo misaada kwa wanaojifunza Kiingereza. Kutojua Kiingereza si ulemavu, na kwa muda mrefu wanafunzi hawa hawakuwa na njia yao. Waliotumia msaada ulioruhusiwa na jimbo lakini haukukubaliwa na watunga mtihani walipata alama zisizoweza kutumwa vyuoni. Kijana alifanya mtihani, lakini mlango ulibaki umefungwa.

Hali ilibadilika mwaka 2017. SAT ilianza kutoa misaada ya lugha mwezi Januari mwaka huo katika mitihani inayofanyika shuleni kwa gharama ya majimbo. ACT, iliyokuwa imetangaza mpango wake Novemba 2016, ilifuata baadaye mwaka huo. Alama zinazopatikana kwa misaada hii hutumwa vyuoni kama alama nyingine.

Misaada inayotolewa

1. *Maelekezo yaliyotafsiriwa.* Maelekezo ya jinsi ya kufanya mtihani hutolewa katika lugha kadhaa, kama Kihispania na Kiarabu. Maswali yenyewe hayatafsiriwi.

2. *Kamusi ya neno kwa neno.* Hii ni kamusi ya lugha mbili inayotoa visawe tu, bila fasili, mifano wala picha. Lazima iwe katika orodha iliyoidhinishwa.

3. *Muda wa ziada.* Muda hufikia mara moja na nusu. SAT ya kompyuta, iliyoanza Marekani mwaka 2024, huchukua dakika 134. Kwa msaada huu huwa dakika 201. Katika SAT muda huu uliongezwa baadaye, baada ya misaada miwili ya kwanza.

ACT huruhusu pia kufanya mtihani katika chumba chenye watu wachache.

Mwanafunzi haombi mwenyewe. Shule ndiyo inayomtambua kuwa anajifunza Kiingereza na kushughulikia taratibu. Kwa upande wa SAT, misaada hii hutolewa katika mtihani unaofanyika shuleni tu, si ule wa mwisho wa wiki. Kwa hiyo mzazi ambaye hajui jambo hili anaweza kumlipia mwanawe mtihani wa Jumamosi akidhani anamsaidia, kumbe amemnyima haki yake. Aidha, mpango huu ni wa wanafunzi wa shule za Marekani. Mtahiniwa wa Kampala au Bujumbura asiutegemee.

Kiswahili kinaingia wapi?

Hapa ndipo wataalamu wa Kiswahili wanapohitajika. Chukua neno la Kiingereza *mean*. Mwanafunzi anayelijua kwa maana ya "kumaanisha" atapotea katika swali la takwimu, mpaka aone kisawe "wastani". Hali kadhalika *odd* ni "witiri" katika hesabu lakini "-a ajabu" katika mazungumzo. *Product* ni "zao" kwa mwanahisabati na "bidhaa" kwa mfanyabiashara. Kamusi yenye kisawe kimoja tu cha kila neno inaweza kumpotosha kabisa.

Kamusi tulizozoea hazifai zote. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996, kwa mfano, ina mifano ya matumizi, na kwa utajiri huohuo haiwezi kuwa kamusi ya neno kwa neno.

Lakini lipo jambo zito zaidi. "Wastani" na "witiri" ni istilahi za Kiswahili sanifu cha darasani. Kijana wa Bukavu aliyesoma hisabati kwa Kifaransa, au wa Nyarugusu aliyefuata mtaala wa Kongo akiwa Tanzania, huenda hajapata kuzisikia, ingawa Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani kwao. Kamusi ya Kiingereza na Kifaransa inaweza kumfaa zaidi. Naye aliyesoma Nakivale kwa Kiingereza huenda anahitaji muda tu, si kamusi. Lugha ya nyumbani na lugha ya kujifunzia si kitu kimoja, na fomu ya shule mara nyingi huuliza ile ya kwanza peke yake.

Ushauri wetu

Tunawashauri walimu wenye wanafunzi wanaotarajia kuhama wafanye mambo matatu. Wawafundishe istilahi za hisabati kwa Kiswahili na Kiingereza sambamba. Wawazoeze kutumia kamusi haraka, kwani anayeishika mara ya kwanza siku ya mtihani hupoteza muda badala ya kuuokoa. Na waziambie familia ziulize shuleni mapema kuhusu misaada hii.

Vyuo vingi viliacha kudai mitihani hii mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, lakini baadhi vimeirudisha, kama MIT mwaka 2022. Hivyo suala hili bado lipo. Misaada hii haimpi mwanafunzi majibu. Humwondolea kikwazo kisichokuwa sehemu ya somo linalopimwa. Asiyejua hesabu hataokolewa na kamusi. Anayeijua, astahili kuonyesha anachokijua.