Uzani Mwenza: Lifti ya Beit al-Ajaib na Mabega ya Watumishi

Beit al-Ajaib ni jumba la ghorofa tatu lililojengwa Forodhani, Unguja, mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said. Hutajwa kuwa la kwanza Zanzibar kupata umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020.

Katika majumba ya kifalme ya Unguja, maji, mkaa na masinia ya chakula vilipanda ngazi kichwani au begani mwa mtu. Sayyida Salme, dada wa Barghash, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi maisha ya kasri yalivyotegemea watumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897.

Kazi hiyo ya kupandisha mizigo ndiyo lifti hufanya. Wengi hudhani mota yake huinua chumba kizima na vilivyomo. Sivyo. Kamba za chuma hupita juu ya gurudumu. Upande mmoja huning'inia chumba, upande wa pili kipande kizito cha chuma. Mfano wake ni mizani ya sahani mbili. Muuza ndengu wa Kalamba, Makueni, akiweka jiwe la kilo 2 sahani moja na ndengu kilo 2 sahani ya pili, kidole kimoja chatosha kuisogeza mizani juu au chini. Akizidisha konzi moja ya ndengu, kidole kitashindana na konzi hiyo tu, wala si kilo zote 4 zilizoning'inia.

Chukua chumba cha kilo 500 chenye uwezo wa kubeba kilo 400. Upande wa pili hufungwa kilo 700: uzito wa chumba na nusu ya mzigo. Kikijaa, kilo 900 hukabili 700. Kikiwa kitupu, 500 hukabili 700. Katika hali zote mbili mota hushughulika na tofauti ya kilo 200 tu. Kikibeba nusu ya mzigo, hakuna tofauti yoyote.

Chuma hicho kingeweza kuitwa "uzani pinzani", lakini jina hilo lapotosha, kwa kuwa hakimpingi anayepanda. "Uzani mwenza" lafaa zaidi: mwenza hushuka ili mwenziwe apande.

Kwa njia hiyo lifti hubeba kazi ya ngazi tu. Kufikisha mzigo mlangoni pake, na kuutoa huko juu hadi chumbani, hubaki mikononi mwa watumishi.