King'amuzi Kisichokata Shauri Mapema

Chukua simu ya kitochi umpigie mtu aliye bondeni, mbali na mnara. Simu ya GSM inaikata sauti yako vipande vya milisekunde 20, na kila kipande inakigeuza kuwa biti 260, yaani sifuri na moja mia mbili na sitini. Njiani kuna mengi ya kuziharibu: mapaa ya bati yanayorudisha mawimbi, lori linalopita, simu nyingine zilizo kwenye masafa hayohayo. Biti kadhaa hufika zimegeuka, moja imekuwa sifuri na sifuri imekuwa moja. Hata hivyo mara nyingi mnasikilizana vizuri, na kazi inayofanyika hapo haistahili kupitwa hivihivi.

Ulinzi wenyewe unaitwa msimbo wa konvolusheni. Aliyeuleta ni Peter Elias wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1955. Mtumaji haitumi biti peke yake. Anaichanganya na zilizoitangulia, kisha anatuma matokeo. Tutazame msimbo mdogo kabisa, ambao kila biti mpya inatoa tarakimu mbili. Ili kupata tarakimu ya kwanza, jumlisha biti mpya na mbili zilizoitangulia: jumla ikiwa witiri andika 1, ikiwa shufwa andika 0. Ya pili inapatikana vivyo hivyo, ila unairuka biti ya katikati. Ujumbe 1 0 1 1, ukifuatiwa na sifuri mbili za kufungia, unatoka hivi: 11 10 00 01 01 11.

Tuseme jozi ya tatu imeguswa njiani, mpokeaji akapata 11 10 01 01 01 11, na ni kazi ya king'amuzi chake kuutafuta ujumbe uliotumwa. Jozi mbili za kwanza zinalingana na 1 na 0 bila kasoro. Kwenye ya tatu ndipo penye utata. Kama biti ya tatu ni 1, mtumaji angetuma 00. Kama ni 0, angetuma 11. Iliyofika ni 01, nayo inatofautiana na kila mojawapo kwa tarakimu moja. Anayekata shauri papo hapo anabahatisha. Anayesubiri anaendelea kuhesabu kasoro za kila upande. Ikifika jozi ya nne, upande wa 1 ungali na kasoro moja, ilhali upande wa 0, hata ukiuchagulia njia inayoufaa kuliko zote, una mbili. Jozi ya tano haibadilishi kitu. Ya sita inafanya moja kwa tatu, na sasa tunajua kwamba biti ya tatu ni 1. Kosa limesahihishwa na mtumaji hakuulizwa chochote.

Ushahidi uliookoa biti ile, basi, ulikuja baada yake. Ndiyo maana kuchelewa na kukosea havitenganishwi katika kazi hii, na mhandisi anayetaka kupunguza kimoja lazima ajue anakiongezea nini kingine.

Mzigo wa kwanza ni hesabu yenyewe. Kila biti inaongeza njia, yaani jumbe zinazowezekana, mara mbili, na baada ya biti 20 tu una njia zaidi ya milioni moja za kulinganisha. Mwaka 1967 Andrew Viterbi, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha mbinu ya kuzipunguza. Njia mbili ambazo biti zake za mwisho zinafanana zina mbele moja: lolote litakalotokea litaziongezea kasoro sawasawa. Kwa hiyo yenye kasoro nyingi haitaipata tena mwenzake, na inaweza kufutwa hapo hapo. Msimbo wetu mdogo unabakiwa na njia nne tu, hata ujumbe uwe mrefu kiasi gani. GSM inabakiwa na 16. Vyombo vya angani vya Voyager, vilivyorushwa na Marekani mwaka 1977, vinatumia msimbo wa njia 64, na wa aina hiyo uliingia pia katika ving'amuzi vya kwanza vya televisheni ya setilaiti ya kidijitali.

Sasa usubiri kiasi gani? Ukizifuata njia zote zilizobaki kurudi nyuma, utaona kwamba kufikia mahali fulani zimeungana kuwa shina moja, na biti za kwenye shina hilo hazina ubishi tena. Kanuni ya mafundi ni kurudi nyuma mara tano ya upana wa msimbo, yaani idadi ya biti zinazochanganywa pamoja. Voyager inachanganya saba, kwa hiyo ni kama biti 35. Ukikata shauri mapema zaidi makosa yanaongezeka haraka. Ukisubiri zaidi unajaza kumbukumbu ya chipu kwa faida ndogo mno.

Uko uboreshaji mmoja ninaoupenda kuliko mwingine wowote, kwa sababu unapunguza makosa bila kuongeza kusubiri. Wimbi lililofika halisemi 0 au 1 waziwazi. Linaegemea upande mmoja, pengine sana, pengine kidogo. Ukilipima kwa ngazi nane badala ya mbili, king'amuzi kinajua biti gani ya kuaminiwa na gani ya kutiliwa shaka. Faida yake ni karibu desibeli 2, kama vile umeongeza nguvu za mtambo wa kurushia karibu mara moja na nusu, na chomboni hukugusa hata skrubu.

Kwenye simu, kuchelewa kwingi kunatoka kwingine kabisa. Makosa ya hewani huja kwa mkupuo, na mkupuo ndio unaoilemea mbinu ya Viterbi. Kwa hiyo GSM inatawanya biti za kila kipande cha sauti katika mirusho minane, ili ikiharibika mmoja hasara igawanyike. Kuikusanya yote minane kunachukua takriban milisekunde 37. Kila kipande kinafungwa kwa sifuri nne, kama tulivyofunga ujumbe wetu kwa mbili, na hivyo king'amuzi kinajua njia inaishia wapi.

Katika biti 260 za sauti, 78 zinatumwa bila ulinzi wowote, kwani zikiharibika sikio halijali sana. Zile 50 za muhimu kuliko zote zinawekewa biti tatu za ukaguzi. Ukaguzi ukigoma, kipande kinatupwa na simu inajazia kwa kurudia kilichotangulia. Hakuna muda wa kukiomba upya, mazungumzo yangekwama.

Ujumbe mfupi wa kuthibitisha kwamba pesa zimeingia unapita kwa king'amuzi hichohicho cha njia 16. Huo kila biti zake 184 zinawekewa 40 za ukaguzi na sifuri nne za kufungia, jumla 228, na msimbo unazifanya 456. Baada ya kung'amuliwa, ukaguzi usipolingana kipande hakifiki kwenye kioo cha simu: kinaombwa tena kutoka mnarani, na mwenye simu anangoja kidogo.