Rauta Kwenye Bawa la Msumeno

Je, wajua kwamba msumeno wa meza na rauta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao) vinaweza kutumia meza moja na hata fensi moja, yaani ukuta wa kuongozea ubao, ilhali kila mashine inataka ubao uje kutoka upande wake?

Marekani, ambako watu wengi hufanya useremala nyumbani kwenye banda la gari, nafasi ni mali. Misumeno mikubwa ya meza, jamii ya Unisaw ambayo kampuni ya Delta iliitoa mwaka 1939, ina mabawa ya kupanua meza kushoto na kulia. Bawa la kulia mara nyingi hukaa bure likisubiri ubao mpana. Seremala aliyebanwa na nafasi hukata tundu hapo na kuning'iniza rauta chini yake, biti yake ya kukatia ikichungulia juu.

Bawa la chuma cha kusubu si rahisi kulikata, kwa hiyo wengi hulitoa na kufunga jipya la emudiefu (MDF) au plaiwudi nene, lililokazwa kwa chuma cha pembe lisije likabonyea kwa uzito wa mota. Rauta hufungwa kwenye sahani ya alumini ya takriban milimita 235 kwa 298. Tundu huachiwa kidato pembeni, chenye kina kinachozidi kidogo unene wa sahani, halafu skrubu ndogo za kwenye pembe huiinua taratibu hadi ilingane na meza. Hapa subira inahitajika. Sahani ikibaki juu au chini hata kwa unene wa karatasi chache, ubao utakwama ukingoni na kuacha alama kwenye kazi.

Suala la mwendo nalo hushangaza. Bapa la msumeno la inchi 10, likizunguka mara 4,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu kilomita 190 kwa saa. Biti nyembamba ya nusu inchi, kwa mizunguko 22,000, haifiki hata kilomita 55. Lakini funga biti pana ya milimita 90 kwa mizunguko ileile, ncha zake zitapita kilomita 370 kwa saa. Ndiyo maana rauta ya mezani inatakiwa iwe na kirekebisha mwendo: ukishusha hadi 10,000, biti hiyo pana inarudi kwenye kilomita 170 hivi.

Sasa fensi. Kwa msumeno, lazima iwe sambamba na bapa, la sivyo ubao hubanwa na kurushwa nyuma kwa anayesukuma. Kwa rauta, biti ni duara. Fensi ikikaa mshazari kidogo haidhuru kitu, mradi umbali wake kutoka kwenye biti ni sahihi. Raha iliyoje! Ila raha hiyo ina mtego. Kwenye msumeno, ubao hupita kati ya fensi na bapa, na mkono huzoea hivyo. Kwenye rauta, ukiupitisha kati ya fensi na biti, biti itaunyakua na kuurusha, pengine ikivuta na vidole.

Mwelekeo nao hugeuka. Biti iliyopinduliwa huzunguka kinyume na saa ukiitazama kutoka juu, hivyo ubao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, dhidi ya meno yake. Seremala akisimama mwisho wa bawa la kulia, fensi ikiwa upande wa pili wa biti, ubao wake hutoka nyuma ya mashine kuja mbele. Kwenye msumeno ni kinyume kabisa.

Kero inayobaki ni fensi kuwa moja tu. Ukishaipima barabara kwa rauta, ukagundua umesahau kupasua ubao mmoja, kipimo chote kinapotea. Waliozoea hupasua mbao zao zote kwanza, tena na za akiba, kabla ya kuigusa rauta.