Studio ya nyumbani: Ununue kompyuta mpya au uvumilie ya zamani?

Tuseme, msomaji, una chumba kimoja mjini Mweiga, kando ya barabara itokayo Nyeri kuelekea Nyahururu. Ndani mna maikrofoni, spika mbili, blanketi zito dirishani na kompyuta uliyoinunua ikiwa tayari imetumika. Kwaya ya kanisa imekulipa arubuni uirekodie nyimbo nane. Jumamosi jioni, sauti ya kumi na nane inapoongezwa, wimbo unaanza kukatikakatika, kisha mashine inagoma kabisa. Pesa unazo, lakini ni karo ya mdogo wako ya muhula ujao. Je, utazitoa ukanunue kompyuta nyingine?

Wanamuziki wa kizazi cha hayati Joseph Kamaru, aliyefariki Oktoba 2018, hawakuumizwa kichwa na swali hili. Walitegemea studio za Nairobi, na mitambo ilikuwa mzigo wa mwenye studio. Siku hizi mitambo hiyo imeingia ndani ya kompyuta (au tarakilishi, kama wapendavyo walimu wetu wa Kiswahili), na mzigo umehamia mfukoni mwako.

Kabla ya kukimbilia dukani, tafuta ni kiungo gani hasa kinacholemewa. Kama unatumia Windows 10 au 11, uache wimbo ucheze, kisha ubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaonyeshwa prosesa, memori na diski, kila moja na asilimia yake. Ikiwa memori imefika 95 ilhali prosesa imetulia kwenye 40, ugonjwa umeuona.

Wengi hudhani ni wingi wa sauti za waimbaji unaoichosha mashine. Hebu tupige hesabu. Sauti moja iliyorekodiwa kwa biti 24 na kilohezi 48 hula kilobaiti 144 kwa sekunde. Sauti kumi na nane hazifiki megabaiti tatu kwa sekunde, na hata diski ya zamani ya kuzunguka huzimudu bila kutokwa jasho. Kinacholemea aghalabu ni mapambo: mwangwi uliopachikwa kwenye kila sauti, na piano na fidla za bandia ambazo hujaza memori kwa maelfu ya vipande vya sauti.

Dawa ya hapo haigharimu hata senti. Programu nyingi za kurekodia zina njia ya "kugandisha" ala ya bandia, yaani kuigeuza iwe sauti ya kawaida iliyokwisha kurekodiwa, kisha kuizima ile ala yenyewe. Halafu weka mwangwi mmoja ambao waimbaji wote watauchangia, badala ya kumpa kila mmoja wake. Ukimaliza, fungua kompyuta upulize vumbi. Feni ikiziba, prosesa hupata joto na kujipunguzia kasi yenyewe, na ukaaji wa kando ya barabara kuu una vumbi lake.

Ikiwa bado inasuasua, ongeza memori kutoka gigabaiti 4 hadi 8 au 16, na ubadilishe diski ya kuzunguka kwa ile ya SSD. Muulize fundi kwanza, kwani kompyuta nyingine nyembamba zina memori iliyochomelewa ndani na haiongezeki.

Kuna na tatizo la mpiga gitaa kujisikia kwa kuchelewa. Bafa ikiwa sampuli 1,024 kwa kilohezi 48, sauti hukawia milisekunde 21 na zaidi, na mpiga mugithi atakwambia gitaa lako limerogwa. Ipunguze hadi 128 wakati wa kurekodi, uirudishe juu wakati wa kuchanganya. Visanduku vingi vya kuunganishia maikrofoni pia vina kitufe cha kumsikilizisha mpigaji moja kwa moja, bila kupitia kompyuta.

Na mvua ya Aberdare inapopiga mabati, hakuna prosesa itakayokusaidia. Kwa maoni yangu, studio nyingi za vyumbani zingefaidika zaidi na dari na maikrofoni nzuri kuliko kompyuta mpya.

Hata hivyo, upo wakati wa kununua. Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya kizazi cha nane cha Intel, kilichotoka 2017. Kompyuta isiyounganishwa na intaneti itaendelea kurekodi vizuri tu. Lakini ikiwa ndiyo hiyo hiyo unayotumia kwa barua na benki, ama programu unayoitegemea imeikataa, basi umefika mwisho wa njia. Hapo linganisha bei na arubuni unazopokea kwa miezi mitatu. Zisipoitosha, karo ikae ilipo, uiombe kwaya wiki moja zaidi.

Ukienda kununua ya mitumba, usitosheke na kuona taa ikiwaka. Beba ule wimbo uliogoma, pamoja na programu yako, kwenye flashi. Uucheze pale pale kaunta kwa nusu saa, huku ukisikiliza kelele za feni. Muuzaji akikataa, chomoa flashi yako uvuke barabara.