Bastola ikilegea: namna fundi anavyotafuta kwa nini risasi hazifiki pale zinapolengwa

Ukiitikisa karibu na sikio, inalia kama kopo lenye misumari. Ndivyo watu wengi wanavyoitambua bastola iliyozeeka, na mara moja wanatoa hukumu: imelegea, haifai tena, risasi zake zinakwenda ovyo. Lakini kwa fundi wa silaha, sauti hiyo haitoshi kuhukumu. Kuna bastola zinazolia na bado zinakusanya risasi mahali pamoja. Kuna nyingine hazitoi sauti yoyote, na bado zinatawanya risasi kwenye shabaha.

Kosa la kuchanganya mambo hayo mawili lina gharama. Bastola ni silaha ya karibu, na mara nyingi inatumiwa mahali penye watu. Kwenye karatasi ya mazoezi, risasi iliyokosea kwa sentimeta 20 ni tundu tu. Barabarani au sokoni, sentimeta 20 hizo zinaweza kuwa raia aliyesimama pembeni.

Silaha za mwaka 1944 kazini hadi karne hii

Mfano ulio wazi unatoka Kanada. Mwezi wa Oktoba 2022, nchi hiyo ilitangaza kununua bastola mpya 7,000 za SIG Sauer P320 kwa ajili ya jeshi lake. Zilikuja kuchukua nafasi ya Browning Hi-Power zilizotengenezwa na kampuni ya Inglis mjini Toronto mwaka 1944 na 1945. Kwa maneno mengine, askari wa karne ya 21 alikuwa anabeba bastola iliyotengenezwa wakati babu yake alikuwa kijana.

Historia ya bastola hiyo inaanzia Ubelgiji. Mmarekani John Moses Browning aliianza, lakini akafariki mwaka 1926 huko Herstal, karibu na mji wa Liège, kabla ya kuimaliza. Mbelgiji Dieudonné Saive, wa kiwanda cha FN, ndiye aliyeikamilisha, na jeshi la Ubelgiji likaikubali mwaka 1935. Ndiyo sababu wanaozungumza Kifaransa wanaiita GP 35, yaani « Grande Puissance ». Inabeba risasi 13 za milimita 9. Wajerumani walipoingia Ubelgiji mwaka 1940 na kukamata kiwanda, Saive alivuka kwenda Uingereza, na baadaye michoro ikatumiwa Kanada.

Uingereza nayo iliitumia kwa miaka mingi kabla ya kuibadilisha kwa Glock 17 mwaka 2013. Marekani ilikuwa imepita njia hiyo hiyo mapema zaidi: bastola za mwisho za M1911A1 zilinunuliwa mwaka 1945, na zilipochukuliwa nafasi na Beretta M9 mwaka 1985, hata ile changa kuliko zote ilikuwa na miaka 40. Katika majeshi hayo yote, mafundi walikuwa na kazi moja: kuchagua ipi inatengenezeka na ipi inastaafu.

Sehemu tatu zinazopaswa kukutana

Ili kuelewa kulegea, ni lazima kujua nini kinasogea. Bastola ya namna hii ina sehemu kubwa tatu. Chini kuna kiunzi, chenye mpini unaoshikwa mkononi. Juu yake kuna kitelezi, kile chuma kirefu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka. Ndani ya kitelezi kuna mtutu.

Risasi inapofyatuka, mtutu na kitelezi vinarudi nyuma pamoja vikiwa vimefungana kwa meno yaliyo juu ya mtutu. Baada ya milimita chache, mguu ulio chini ya mtutu unavuta sehemu ya nyuma ishuke, meno yanaachana, na kitelezi kinaendelea peke yake na kutupa ganda nje. Kisha resori inakirudisha mbele, risasi mpya inaingia, na mtutu unapanda tena kwenye nafasi yake.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Bastola hailengi vizuri kwa sababu imebana. Inalenga vizuri kwa sababu mtutu unarudi mahali pale pale kila mara. Vilengeo, kile cha mbele na kile cha nyuma, vyote viko juu ya kitelezi, si juu ya kiunzi. Kwa hiyo, mtutu ukikaa sawa ndani ya kitelezi, jicho na risasi vinaelekea upande mmoja, hata kama kitelezi kinacheza kidogo juu ya kiunzi. Na ile sauti ya misumari inatoka mara nyingi kwenye mchezo huo wa kitelezi na kiunzi, ambao ndio wenye madhara madogo zaidi.

Anayeendesha moto katika barabara za Goma anaelewa: kiti kinachotikisika kinaudhi, lakini tairi la mbele lililolegea kwenye ekseli ndilo linalomwangusha mtu.

Kwanza mtu, halafu risasi, mwisho chuma

Fundi mwenye uzoefu haanzi na bisibisi. Anaanza kwa kutoa magazini, kuvuta kitelezi, na kuangalia kwa jicho na kwa kidole kwamba hakuna risasi iliyobaki ndani ya mtutu. Ajali nyingi za silaha zimetokea mikononi mwa watu waliokuwa na hakika kwamba ni tupu.

Baada ya hapo, anamchunguza mpigaji. Kwenye uwanja wa kulenga, bastola inawekwa juu ya mfuko wa mchanga, na risasi tano zinapigwa polepole kwa umbali mmoja. Kisha mtu wa pili, anayejulikana kuwa na mkono mtulivu, anarudia. Kama wa pili anakusanya matundu na wa kwanza anatawanya, bastola haina kosa. Kidole kinachovuta kifyatulio kwa nguvu na mkono unaoogopa mshindo vinaharibu shabaha kuliko miaka 50 ya kutu.

Jambo la tatu ni risasi zenyewe. Risasi za sanduku moja, zilizohifadhiwa vibaya au zilizochanganywa kutoka viwanda tofauti, hazitoki kwa mwendo mmoja. Kubadilisha sanduku kabla ya kubadilisha vipuri ni jambo rahisi, na mara nyingi linamaliza kesi.

Karatasi inasema ukweli

Kama mpigaji na risasi wamesafishwa jina, karatasi ya shabaha inaanza kusomwa kama picha ya hospitali.

Matundu yakiwa karibu karibu lakini mbali na katikati, silaha haijalegea. Vilengeo vinahitaji kurekebishwa, au vimesogea mara moja na kukaa hapo.

Yakiwa yametandaa kushoto na kulia, kilengeo chenyewe kinaweza kuwa kinacheza. Hesabu yake inatisha: kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kuna kama sentimeta 16. Kilengeo kikihama milimita 1 tu, kwenye umbali wa mita 25 risasi inahama kama sentimeta 15. Fundi anachora mstari mwembamba wa rangi unaovuka kilengeo na kitelezi, kisha risasi kadhaa zinapigwa. Mstari ukikatika, mkosaji amepatikana.

Yakipanda na kushuka kama ngazi, macho yanageukia nyuma ya mtutu. Bastola ikiwa tupu na imefungwa, fundi anabonyeza kwa kidole gumba ile sehemu ya mtutu inayoonekana kwenye tundu la kutolea maganda. Isiposhuka, meno na mguu wa chini vinashika vizuri. Ikishuka na kurudi kama kitu chenye resori, mtutu haukai imara. Kushuka kwa sehemu moja ya tano ya milimita kunaweza kupeleka risasi kama sentimeta 4 mbali kwenye mita 25.

Kuna alama nyingine ambayo wengi hawaioni: risasi ya kwanza inakwenda peke yake, na nne zinazofuata zinakaa pamoja. Ya kwanza iliingizwa kwa mkono, nyingine zimeingizwa na nguvu ya silaha yenyewe. Mtutu unakaa namna mbili tofauti. Huo ni ushahidi wa kufungana kubaya.

Matundu yakitawanyika pande zote, kinachochunguzwa ni mdomo wa mtutu. Je, unacheza ndani ya pete inayoushika mbele ya kitelezi? Je, ukingo wake una jeraha, labda kwa sababu silaha iliangushwa au ilisafishwa kwa fimbo ya chuma? Jeraha dogo hapo linatosha kuisukuma risasi upande. Na kama tundu kwenye karatasi si duara bali ni refu kama punje ya mchele, risasi inapinduka hewani: mifereji iliyo ndani ya mtutu imekwisha au haiendani na risasi hiyo.

Resori, kipuri kidogo chenye kesi kubwa

Kipuri kinachosahauliwa zaidi ni kile cha bei ndogo. Resori ikichoka, inabaki fupi kuliko mpya, na kitelezi kinarudi nyuma kwa kishindo kikubwa. Maganda yanaruka mbali kuliko zamani, kufunga kunakuwa kulegevu, na chuma kinaanza kugongana na chuma. Meno ya mtutu yanaviringika, mguu wa chini unaliwa, na kulegea ambako hakukuwepo kunazaliwa. Jeshi linalobadilisha resori kwa wakati linaokoa mitutu yake. Linalosubiri, linanunua bastola.

Kwa hiyo mpango wa matengenezo unakwenda kutoka kwa rahisi kuelekea kwa ghali: kusafisha, kukaza vilengeo, resori mpya, kisha pete ya mbele kwa silaha zenye pete inayotoka kama M1911, kisha mtutu mpya uliopimwa kwa kitelezi hicho. Kubana kitelezi na kiunzi kunakuja mwisho kabisa. Mafundi wa kikosi cha Marine cha Marekani walionyesha kwamba njia hiyo inawezekana: walichukua viunzi vya zamani vya M1911 kutoka ghala za serikali, wakaviwekea mitutu na vitelezi vipya, na bastola hizo zikarudi kwa vikosi maalum.

Mahali pa kusimama

Kuna jambo moja lisilo na mjadala. Fundi akiona ufa, hata mwembamba kama unywele, kwenye kitelezi, kwenye meno ya mtutu au kwenye mguu wake, kazi inasimama hapo. Ufa hautengenezwi kwa nyundo wala kwa kulehemu. Silaha yenye ufa ni hatari kwanza kwa anayeishika, kwa sababu uso wake uko nyuma ya kitelezi.

Hilo ndilo lililomaliza utumishi wa bastola nyingi za kizazi kile. Hazikuondolewa kwa sababu zilikuwa zinalia. Ziliondolewa kwa sababu vipuri vilikuwa haba, chuma kilikuwa kimechoka, na hakuna aliyeweza tena kumhakikishia askari kwamba risasi ya kesho itakwenda pale ilipokwenda ya leo.

Mpaka siku hiyo ifike, swali la fundi linabaki lile lile. Kabla ya kuuliza kama bastola imelegea, anauliza imelegea wapi, na jibu analitafuta kwenye karatasi yenye matundu matano.