Kulala Hemani Katika Himalaya: Safari Fupi ya Mlima Kedarkantha

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wazazi huwaambia watoto wao methali hii, na masajini huwakumbusha makuruta. Lakini ni mahali pachache inapotimia upesi kama juu ya mlima wenye theluji, saa kumi za alfajiri, upepo ukivuma na njia isionekane. Hapo amri ya kurudi nyuma yaweza kuwa na thamani kuliko nguvu zote za miguu.

Leo, ndugu msomaji, twakualika tufuatane katika safari fupi ya Himalaya, ile ambayo watu wa kawaida huifanya kwa miguu yao, wakiongozwa na mwenyeji na kulala hemani mara tatu. Yamo humo mambo yatakayomfaa askari aliye doria, na yamo yatakayomfaa mama na baba walio nyumbani.

MAKAO YA THELUJI

Jina Himalaya latokana na Kisanskriti, lugha ya kale ya India: hima ni theluji, na alaya ni makao. Safu hii yaenea kiasi cha kilomita 2,400, kuanzia Pakistani upande wa magharibi, ikipitia India, Nepali, Tibeti na Bhutani, hadi pembe ya mashariki ya India. Kilele chake kirefu kuliko vyote duniani, Everest, kina mita 8,849. Tarehe 29 Mei 1953 Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay wa kabila la Sherpa walikuwa watu wa kwanza kujulikana kuwa wamekifikia na kurudi salama.

Kwa sababu ya sifa hizo, wengi hudhani kwamba Himalaya ni ya mashujaa peke yao. Sivyo. Chini ya majitu hayo ipo milima midogo ambayo mtu mwenye afya njema aweza kuipanda kwa siku chache. Mmojawapo ni Kedarkantha, wenye mita 3,810, katika wilaya ya Uttarkashi, jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India. Wasomaji wanaoujua Kilimanjaro watatambua kwamba kimo hicho kinapita kidogo tu kambi ya Horombo, iliyoko mita 3,720. Wala usiuchanganye na Kedarnath, mahali penye hekalu maarufu palipokumbwa na mafuriko makubwa mwezi Juni 2013. Neno kantha maana yake ni koo. Na Kedar ni jina mojawapo la Shiva, mungu wa Wahindu, ambaye wenyeji humheshimu sana katika milima hii.

NJIA NA VITUO VYAKE

Safari huanzia mji wa Dehradun. Gari hutambaa kwenye barabara nyembamba za milimani kwa muda wa saa nane hadi kumi, mwendo wa kilomita zipatazo 200, likipita Purola, bonde lisifikalo kwa mchele wake mwekundu, kisha Mori, hadi kijiji cha Sankri. Hapo ni karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Nyumba za asili za bonde hili hujengwa kwa mbao za mierezi na mawe; mifugo hukaa chini, watu hukaa juu, na joto la wanyama huwasaidia wenye nyumba wakati wa baridi. Watu hulima matofaa, viazi na maharagwe, na hufuga kondoo kwa ajili ya sufu. Eneo lote limo ndani ya hifadhi ya wanyama ya Govind, kwa hiyo mgeni hulipa ada na kupata kibali kabla ya kupanda.

Siku ya kwanza ya mwendo ni fupi. Njia hupita katika msitu wa misonobari na mialoni hadi ziwa dogo liitwalo Juda ka Talab, karibu mita 2,800. Katika miezi ya Desemba na Januari maji ya ziwa hilo huganda yakawa barafu. Siku ya pili msafara hupanda hadi kambi ya chini ya kilele, karibu mita 3,400, mahali ambapo miti huanza kupungua. Siku ya tatu ni ya kilele, kisha kushuka kambi nyingine. Na siku ya nne wasafiri hurejea Sankri. Mizigo mikubwa hubebwa na nyumbu na wapagazi, ila kila mtu huchukua shanta lake lenye maji, koti la mvua na chakula kidogo.

JIKONI KAMBINI

Akina mama watapenda kujua jinsi chakula kipikwavyo huko. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Kambini penye mita 3,400 huchemka kwa nyuzi 89 hivi. Yatatokota na kufoka, lakini maharagwe yatabaki magumu kama kokoto. Kuongeza kuni hakusaidii, kwa maana maji yaliyokwisha kuchemka hayaongezeki moto. Dawa yake ni sufuria yenye kifuniko cha kubana mvuke, na mpishi wa Kihindi haachi kuibeba. Wali, dengu, viazi na chapati ndivyo vyakula vya kila siku, pamoja na supu na chai ya tangawizi. Majina mengine hayatakuwa mageni masikioni mwetu, kwa kuwa chapati na chai ni maneno tuliyorithi kutoka upande huo huo wa bahari.

Mtu aliye mlimani hupoteza hamu ya kula, na baridi humfanya asione kiu. Huo ni mtego. Yampasa ale hata kama hataki, na anywe maji yaliyochemshwa, lita tatu hivi kwa siku. Pombe haifai hata kidogo: humdanganya mnywaji kwamba amepata joto, kumbe mwili wake unalipoteza.

MAVAZI NA MALAZI

Kanuni ya mavazi ni kuvaa nguo nyingi nyepesi badala ya moja nzito, ili mtu avue anapopanda na kuvaa anaposimama. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwani pamba hushika jasho na kulaza baridi mwilini. Sufu hutia joto hata ikilowa. Juu ya yote huvaliwa koti lisilopenya upepo wala maji. Soksi kavu za kulalia zitengwe na zisivaliwe njiani kamwe.

Usiku wa Desemba joto hushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Wasafiri huingia katika mifuko ya kulalia iliyojazwa manyoya au pamba za kiwandani, na wengi huweka miguuni chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara. Asubuhi maji hayo hunywewa, kwani yaliyoachwa nje huwa yameganda.

Hapa lipo onyo ambalo kila nyumba yafaa ilishike. Kamwe usiingize jiko la mkaa wala la mafuta hemani ili kutafuta joto. Moto uwakao mahali pasipo hewa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Jambo hili huua milimani, na huua vilevile katika vyumba vya mijini vilivyofungwa madirisha wakati wa baridi na mvua.

MARADHI YA MWINUKO

Adui mkubwa wa mpanda mlima ni wembamba wa hewa. Kwenye mita 3,400, msukumo wa hewa ni thuluthi mbili tu ya ule wa pwani, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Mwili huweza kuzoea, lakini hutaka muda. Maradhi haya huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi: kichwa huuma, tumbo huchafuka, usingizi hukatika, na mtu huchoka kupita kiasi. Ujana na misuli si kinga. Kijana hodari aweza kuanguka wakati mzee wa polepole anapita.

Kanuni ya madaktari ni kwamba, mtu akishapita mita 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Msomaji aliyefuatilia hesabu ataona kwamba kutoka Juda ka Talab hadi kambi ya pili ni kama mita 600, na siku ya kilele mtu hupanda mita 400 nyingine kabla ya kushuka. Safari ni fupi, lakini haina nafasi ya mzaha. Ndiyo maana viongozi wazuri huwauliza watu hali zao kila jioni, na huwapima oksijeni ya damu kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni.

Mwenye maumivu ya kichwa asipande zaidi mpaka apone. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, maji yanajaa ubongoni au mapafuni mwake, na hapo pana dawa moja ya kwanza: ashushwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Kumwacha alale ili aonekane asubuhi ni kumwua.

KIONGOZI NA AMRI YAKE

Kwa hiyo kiongozi ni zaidi ya mtu wa kuonyesha njia. Ni mtu mwenye haki ya kusema: tumeishia hapa. Huko Uttarkashi kipo Chuo cha Nehru cha Kupanda Milima, kilichoanzishwa mwaka 1965, ambacho hufundisha raia na askari kamba, barafu na uokoaji. Mmoja wa waliofundishwa hapo ni Bachendri Pal, binti wa wilaya hiyo hiyo, ambaye tarehe 23 Mei 1984 alikuwa mwanamke wa kwanza wa India kufika kilele cha Everest. Mpakani wapo pia Polisi wa Mpaka wa India na Tibeti, kikosi kilichoundwa mwaka 1962, ambacho hulinda vituo vya juu sana na mara nyingi huitwa kuokoa watu wakati wa maafa.

Gharama ya mlima ilionekana wazi mwanzoni mwa Juni 2024, katika wilaya hiyo hiyo, kwenye njia ya ziwa Sahastra Tal lililo juu zaidi ya mita 4,000. Kundi la watu 22, viongozi wao wakiwamo, walikutwa na dhoruba ya theluji walipokuwa wakirudi kambini. Watu 9 walifariki dunia, na 13 waliokolewa. Ulikuwa mwezi wa kiangazi, ambapo watu wa mabondeni wanalalamikia jua. Baridi, upepo na nguo zilizolowa, vikikutana na miili iliyochoka, havihesabu miezi ya kalenda.

Ndiyo sababu ya kupanda Kedarkantha usiku. Msafara huondoka saa tisa au saa kumi za usiku, taa zikiwa zimefungwa vichwani na vyuma vya meno vimefungwa chini ya viatu. Theluji bado ni ngumu na yabeba mguu vizuri. Likichomoza jua hulainika na kuteleza, na alasiri hali ya hewa huchafuka kwa urahisi. Watu hupanda mmoja nyuma ya mwingine, mwenye mwendo mdogo akiwa mbele, na kiongozi msaidizi akiwa wa mwisho ili asibaki mtu nyuma. Askari wataitambua kanuni hiyo: mwendo wa kikosi ni mwendo wa aliye dhaifu.

Wanaofika kileleni hukuta mawe yaliyopangwa kwa ibada na mkuki wa ncha tatu wa Shiva. Kwa mbali jua hugusa kwanza Bandarpunch na Swargarohini, vilele vinavyopita mita 6,000, vikageuka kutoka buluu kuwa dhahabu. Hukaa hapo muda mfupi, kisha hushuka. Na wale walioamriwa kurudi njiani hawakushindwa: mlima utakuwapo mwakani, nao pia watakuwapo.

DENI KWA MLIMA

Wingi wa wageni umeleta fedha vijijini, lakini umeleta pia takataka. Majani ya malisho ya juu huota polepole sana, na mahali palipopigwa mahema huchukua miaka mingi kupona. Mwezi Agosti 2018 Mahakama Kuu ya Uttarakhand ilikataza watu kulala katika malisho hayo. Mgeni mwenye adabu hurudi na kila karatasi na kopo alilopanda nalo, hakati mti mbichi, na humlipa mpagazi haki yake bila kubishana. Kwa maana aliyembebea mzigo kwenye theluji ana watoto wa kulisha.

Huenda wengi wetu hatutaiona Himalaya kwa macho. Lakini baba anayewapeleka watoto kwenye kilima cha jirani, na koplo anayeongoza doria ya usiku, wanaweza kuyashika haya machache: ondokeni mapema, msiachane, nguo kavu ziwekwe akiba, jiko lisilale chumbani na watu, na anayeumwa asionewe haya kusema. Mkubwa wa msafara akisema turudi, turudi.